Maneno Yaliyobaki Nyuma

Watu sita walisimama kwenye korido ya chini wamevaa majoho ya taulo, kila mmoja akitazama ukuta wake. Ndani ya sauna, chumba chetu cha mvuke, Mama Kerttu alikuwa akijimwagia maji kwa raha zake. Hakuna aliyegonga. Katika jengo letu pale Tampere, Ufini, mtu angekubali kuganda koridoni kuliko kumwuliza jirani swali.

Mume wangu Raimo alipowaona alirudi juu akihema.

"Marketta, nimeharibu. Wote wanadhani ni zamu yao."

Zamani zamu za sauna ziliandikwa kwa penseli kwenye karatasi ya mlangoni. Kisha ugonjwa wa moyo ukamstaafisha Raimo mapema, na alipotoka hospitali akajitolea kulitengenezea jengo tovuti, zamu zikiwa humo. Jumapili ile wakazi wangekutana kuamua kama karatasi irudi. Ikirudi, nilijua Raimo naye angerudi kwenye kiti chake cha dirishani, na safari hii asingenyanyuka.

Alikwenda kwa Mama Kerttu. Bibi yule hakuwa na wasiwasi wowote.

"Nilibonyeza, tovuti isiseme kitu. Nikabonyeza tena. Wewe ukimwita mtu asiitike, unaita mara moja tu?"

Kwa kubonyeza huko alikuwa amejitwalia Ijumaa nzima, na wengine nao walikuwa wamebonyeza na kuondoka bila kujua wamepata au wamekosa.

Kumbe tovuti ilikuwa ikijibu. Jibu liliandikwa kwenye ukurasa wa kuombea zamu, lakini papo hapo ukurasa ule ulipisha mwingine, wa ratiba, na maneno yakabaki nyuma pasipo msomaji.

"Kama kumuaga mgeni wakati mlango umeshafungwa," nilisema huku nikimenya viazi.

Raimo aliweka kikombe chini. "Basi tumtilie maneno mfukoni. Akifika chumba cha pili, ayakute. Yaonekane kidogo, kisha yafutike."

Alifanya kazi akipiga mluzi. Jumamosi simu ikalia. Raimo alikuwa amekumbuka kuyatia mfukoni, akasahau kuyafuta.

"Raimo mwanangu," alisema Mama Kerttu, "nimeshajua kuwa nimepata zamu. Nafungua habari za takataka, napongezwa. Nafungua za kuegesha magari, napongezwa. Hata bomba lililoziba linanipongeza. Sasa linafurahia nini?"

Raimo alicheka mpaka akashikilia meza. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu hospitali. Nilijifanya natafuta chumvi kabatini.

Mkutanoni mwenyekiti aliuliza kama kuna anayetaka karatasi irudi. Kimya. Kwetu kimya kinaweza kuwa ndiyo, kinaweza kuwa hapana, na Raimo alikuwa akikunja na kukunjua kofia yake. Mama Kerttu akanyoosha mkono.

"Sasa maneno yanakuja, na yanaondoka. Ila yana haraka kama yanawahi treni. Yakae mpaka nivae miwani."

"Miwani huwa iko wapi, mama?" aliuliza Raimo.

"Jikoni. Pengine chooni."

"Basi nitahesabu mpaka chooni na kurudi."

Watu walicheka, hata mwenyekiti, na karatasi haikutajwa tena. Raimo alipata miaka minne mingine, yote yenye kazi. Tulimzika mwezi Machi, ardhi ikiwa bado ngumu. Mwaka uliofuata Mama Kerttu alihamia kwa binti yake Oulu.

Mwezi uliopita Tapani wa ghorofa ya tatu, anayeitunza tovuti sasa, alisema mkutanoni kwa adabu kwamba ujumbe wa zamu unakaa mno. Unafunika nusu ya kioo cha simu. Kwingine maneno ya namna hiyo huonekana mara moja na kutoweka. Je, aupunguze?

Mwenyekiti aliuliza nani anaafiki. Niliangalia mikono yangu. Hakuna aliyekohoa, hakuna kiti kilicholia. Akangoja, akatutazama mmoja mmoja, kisha akauacha ujumbe kama ulivyo na kusoma jambo lililofuata: theluji ya mlangoni, na nani ataizoa.