Koki Alizoziacha Marehemu

Alfajiri, mama akiwa katikati ya sala, bomba lililopita ndani ya ukuta lilianza kuguna, akajua Bi Harusi ameingia kuoga. Alijaribu kuyarudisha mawazo kwa Mungu wake, lakini masikio yalikwisha kutangulia. Upande wa pili maji yalimwagika, na sauti nyororo ikapanda ikiimba wimbo usio na maneno. Mtu haimbi kwenye maji baridi, mama alijiambia. Naye alipokwenda kuoga, maji yalimjia vuguvugu, kama chai iliyosahauliwa mezani.

Bi Harusi ndilo jina alilompa mke wa mwanawe, na ingawa harusi ilikwisha kupita zamani hakulibadilisha. Likimtoka mdomoni lilikuwa na sukari. Uchungu wake aliujua mwenyewe. Mumewe alipokuwa hai, maji ya nyumba hii yalikuwa ya moto hata kung'oa masizi. Alipozikwa, mwanawe wa pekee alihamia na mkewe ili mama asibaki akizungumza na kuta, na toka walipoingia, maji yakapoa. Nani asingejumlisha?

Tena kulikuwa na birika la umeme. Kila alfajiri alilisikia jikoni likinguruma, kisha nyayo zikinyata kurudi chumbani. Wanakunywa chai yao ya siri, aliwaza, halafu wanakuja mezani kunywa nyingine na mimi, kwa adabu. Kijana yule ambaye zamani hakumeza tonge kabla mama hajakaa!

Ndipo jana jioni neno likamtoka. "Mwanangu, nyumba hii ina tangi moja la maji moto. Haliwatoshi wanawake wawili."

Alitarajia kubembelezwa. Mwanawe akasema polepole, "Nitamwita fundi, mama. Kama ni tangi, litatengenezwa. Kama si tangi, tutatafuta pa kupanga."

Usiku ule mama alihesabu vyumba vya nyumba yake kwa macho makavu, akaona ni vingi mno kwa mtu mmoja.

Fundi aliyekuja asubuhi alikuwa mtu mnene, aliyezungumza zaidi na mabomba kuliko na watu. Alifungua kifuniko cha hita, akapima waya unaochemsha, akakagua thamostati inayopima joto, akagusa bomba linalotoka juu ya tangi na kuurudisha mkono haraka.

"Lo! Tangi hili lina afya kuliko mimi," alisema akipuliza vidole. "Maji yanatoka hapa yanaunguza."

"Basi ni matumizi," mama akasema, macho yake yakiwa kwa Bi Harusi aliyesimama mlangoni na taulo begani. "Kuna watu wanaoga mpaka ngozi inaomba ruhusa."

Bi Harusi akainamisha kichwa. Fundi alijifanya hakusikia. Alifunga maji yanayoingia kwenye tangi, akawaongoza jikoni. "Sasa bomba la moto linatakiwa likauke. Fungua, dada."

Bi Harusi akafungua. Maji yakatiririka. Wakangoja, yakaendelea kutiririka, baridi na yenye nguvu.

"Nimekukamata, mwizi wewe!" fundi akaliambia bomba. "Maji baridi yanaingilia mlango wa uani. Mahali fulani humu, koki ya moto na ya baridi zimeachwa wazi pamoja, halafu mdomo wa kutolea maji umezibwa. Ya baridi yana nguvu, yanavuka na kuingia kwenye njia ya moto, yanapoza nyumba nzima."

Moyo wa mama uliruka. Alitangulia mwenyewe bafuni kwa mkwewe, kama askari aliyepewa kibali.

Koki zote zilikuwa zimefungwa kabisa. Ila pembeni, kando ya ndoo na kopo, lilikaa birika.

"Hili linafanya nini huku?"

"Nachanganyia maji ya kuoga, mama. Ya bombani ni vuguvugu tangu tuje."

"Na unaimba?"

"Nikiimba sitetemeki sana."

Mama alilitazama birika, akazikumbuka chai zote za siri alizowanywesha watoto wa watu kichwani mwake. "Mbona hukusema?"

Bi Harusi alilisokota taulo. "Nilidhani umeyapunguza moto wewe. Nikaona nikisema, utasema nimekuja kudai."

Fundi alikohoa, akauliza kama kuna bafu jingine.

Bafu la mama lilikuwa na shawa ya mkono yenye kitufe kwenye mpini: ukikibonyeza maji yanatoka, ukikibonyeza tena yanakatika. Chini yake, koki mbili zilikuwa wazi, moja zaidi ya nyingine.

"Hizi hazifungwi, mama?"

"Hazifungwi." Sauti yake ilikuwa kavu. Kisha akaona wanamngoja. "Baba yenu aliniwekea hii nilipoanza kuumwa bega. Asubuhi tuliyompeleka hospitali alinipimia maji kwa kiwiko, akasema, 'Sasa ingia.' Nilirudi bila yeye, nikazikuta alivyoziacha. Tangu hapo natumia kitufe tu."

"Ndipo hapa," fundi akasema kwa upole, akanyoosha mkono.

"Usiguse!"

Tone moja lilidondoka. Bi Harusi aliondoka, akarudi na kichupa cha rangi nyekundu ya kucha. "Tuweke alama, mama. Ukitaka kuoga unafungua mpaka kwenye alama. Maji yatakuwa yale yale."

Wivu ulimpanda mama, wivu wa kuvionea vyuma. Vidole vile vyembamba, pale pale vilipokuwa vidole vya marehemu! "Lete. Nitaweka mwenyewe."

Alichovya rangi nyingi mno, na doa la kwanza likachuruzika kama jeraha. Alilitazama. Kisha, bila kumtazama mkwewe, akamkabidhi brashi. Doa la pili likakaa dogo, la mviringo, mahali pake hasa.

Koki alizifunga mwenyewe. Ya moto ilikuwa ngumu.

Jioni mwanawe aliuliza kabla hajaketi. "Fundi kasemaje?"

"Koki tu," Bi Harusi akajibu. "Ilisahaulika wazi."

Hakusema ya nani. Kijana akamgeukia mama yake, uso umemshuka. "Kwa hiyo si tangi."

Mama alimeza alichokuwa akitafuna. "Ni tangi," akasema. "Lilikuwa tangi. Limepona." Akamwomba Mungu msamaha hapo hapo, akaongeza mchuzi.

Alfajiri alifungua mpaka kwenye madoa mekundu, akabonyeza kitufe. Joto lile likamshukia begani, lile lile la kiwiko, na akasimama chini yake kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji. Kisha akabonyeza tena, akajifuta, akavaa. Nyuma ya ukuta bomba liliguna, na wimbo ukaanza, safari hii una maneno.

Ghafla ukakatika kwa yowe. "Mamaa! Koki!"

Mama alisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa. Alirudi kuzifunga, moja, kisha nyingine, midomo ikimcheza. Lakini hakwenda haraka.