Mama Afike Akiwa na Pumzi

Jumamosi, tarehe 12 Julai. Alfajiri mvua kubwa ilinyesha mjini Pingtung, kisha ikakatika ghafla, na kufikia saa nne jua lilikuwa likiifukisha barabara mvuke.

Asubuhi hiyo tulimtoa mama mkwe wangu hospitalini. Daktari alituita pembeni akasema hana la kufanya tena, nasi tukajua la kwetu: Mama avute pumzi ya mwisho nyumbani Linbian, katika ukumbi wa mbele, kati ya watoto wake. Kwetu, anayefia njiani haingizwi tena kwa mlango wa mbele. Hutengenezewa hema uani, kama mgeni. Mume wangu, Bun-hiong, alikuwa amekwisha tandika kitanda ukumbini. Mama mwenyewe tulimwambia anarudi kupumzika apate nguvu.

Niliendesha mimi, gari letu la kubebea samaki. Wifi yangu Gek-lan alikaa nyuma, ameshikilia barakoa ya oksijeni usoni pa Mama.

"Moyo wake hauwezi joto," daktari alikuwa ametuonya. Nikafungua kiyoyozi hadi mwisho.

Nje ya mji tukakwama nyuma ya msafara wa mazishi. Mtu katika gari la mbele alikuwa akirusha karatasi za manjano, pesa za kumlipia marehemu njia, na kwenye kila daraja alirusha konzi nzima. Zilianguka kwenye maji ya mvua, magurudumu yakazitimua tena. Hatukusema neno. Mbele ya mgonjwa, mambo hayo hayatajwi. Msafara ulipokata kona kwenda makaburini, nikakanyaga mafuta.

Hatukufika mbali. Upepo wa kiyoyozi ukawa wa vuguvugu, kisha wa moto.

"Wifi, umezima AC?"

"Sijaigusa."

"Basi iguse! Mama anachuruzika jasho."

Nikafungua madirisha, hewa ya nje ikaingia kama ya jikoni. Mbele niliona kibanda cha muuza tambuu chenye paa la bati. Nikaingiza gari kivulini bila kuomba ruhusa.

"Dada, gari la samaki halitaki AC, linataka barafu," muuza tambuu alisema akicheka. Kisha akachungulia nyuma, akamwona Mama. Kicheko kikamkauka. Akarudi mbio na mfuko wa barafu, akamwekea shingoni mwenyewe.

Nikafungua boneti. Katika darasa la ufundi la jioni tulifundishwa kuanza na vitu vyepesi. Fyuzi ilikuwa nzima. Kompresa, ile pampu ya kiyoyozi, ilikuwa imesimama. Nikachomoa rilei yake, swichi ndogo ya umeme, nikachomeka ya honi mahali pake. Kompresa ikanasa, baridi ikaja kidogo, kisha tak! Ikakata.

Gek-lan alishuka akasimama mbele ya gari. Aliinama kidogo, kisha akageuza uso haraka.

"Kila Jumanne unatuachia vyombo unakwenda kusoma ufundi," alisema. "Leo ndiyo siku ya kutuonyesha, fundi."

"Niache kwanza."

"Nikuache mpaka lini? Mama anavuta pumzi moja, anasahau ya pili!"

Nikadhani gesi ya kiyoyozi imevuja. Kama ni gesi, basi tumekwisha, maana bila mtambo wa kuijaza ningefanya nini pale barabarani? Nikaegemea gari, nikaomba. Bwana, si kwa ajili yangu. Mfikishe tu. Sikusikia chochote isipokuwa ile barakoa ikikoroma.

Nikaingia ndani kuzima injini, na hapo nikaona mshale wa joto la maji umepanda karibu na alama nyekundu. Kumbe maji nayo yanachemka! Gesi ikivuja, maji hayachemki. Gesi na maji hupozwa na upepo mmoja, unaopita kwenye shoo, ule wavu wa mbele. Feni ilizunguka vizuri, lakini ilikuwa haina cha kuvuta.

"Gek-lan. Umeona nini pale mbele?"

Alitazama nyuma, alikolala Mama.

"Wifi, nakuuliza."

"Siwezi kusema. Mama anasikia." Akanyoosha kidevu kuelekea chini ya bampa.

Nikapiga magoti. Kwenye uwazi wa chini, karatasi za manjano zilikuwa zimegandamana juu ya rejeta, kipoza maji ya injini, tabaka juu ya tabaka, kama plasta.

"Umeziona tangu tuliposimama?"

"Ningesemaje?" alinong'ona. "Niseme pesa za maiti zimetung'ang'ania, na Mama yu hai? Na usiziguse! Si zetu hizo. Ukizichukua, mwenyewe anazifuata."

"Mimi ninaye Bwana anayenilinda," nikamwambia. "Na mwenyewe hatanyimwa haki yake. Leta mfuko."

Nikaingiza mkono. Vile vibati vyembamba vya rejeta vilinichana vidole. Nilibandua karatasi kipande kwa kipande, na Gek-lan akazipokea kwa mikono miwili, macho ameyafumba, midomo ikimcheza. Muuza tambuu alileta brashi na ndoo ya maji.

"Nipe mimi nizichome inavyopasa," alisema. "Nyinyi nendeni. Nendeni!"

Nikawasha. Kompresa ikanasa, ikaendelea kunasa. Baridi ilipomfikia Mama, midomo yake ilikuwa imekuwa ya kijivu.

Linbian tulifika nikiwa nimekwisha acha kuuliza kama anapumua. Niliogopa jibu. Bun-hiong na majirani wawili walimbeba wakapita mlango wa mbele. Walipomlaza ukumbini, kifua kilipanda. Kikashuka. Kikapanda tena.

"Mama, umefika," Bun-hiong alisema akilia. "Pumzika. Ukipata nguvu tutakwenda kuangalia mabwawa yetu ya samaki."

Mama alifungua macho. Akatutazama mmoja mmoja, kama anayeuliza, na kila aliyetazamwa akainamisha kichwa.

"Acha, kaka," Gek-lan alisema. "Leo nimenyamaza, nusura tumpoteze njiani."

Akapiga magoti, akamshika mkono.

"Mama, hutapona. Unakwenda. Ndiyo sababu tumekuleta nyumbani."

Jirani mmoja alishika mdomo. Vidole vya Mama vikajikunja polepole juu ya vya bintiye.

"Nakuahidi mbele ya kaka, mbele ya wifi, na mbele ya majirani hawa," Gek-lan akasema kwa sauti iliyofika hadi uani. "Hatutakudanganya tena, na hutabaki peke yako, hata pumzi moja."