Mikono Juu Mlangoni

Zoezi la moto lilitangazwa siku tatu kabla, kama harusi. Msimamizi wa kiwanda cha mashati, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Nidhamu kwa jinsi neno hilo lilivyomkaa mdomoni, alipita katikati ya vyerehani akisema, "Jumatatu saa nne kamili, moto. Kila mtu awe ameshakwenda msalani."

Watu wakacheka. Pilipili hakucheka.

Pilipili alikuwa mkata vitambaa mkuu, mwanamke wa makamo, mabega ya mbeba mizigo, mdomo usio na mfuniko. Jina alipewa na wenzake naye akalipokea, akisema afadhali kuwasha kuliko kupooza. Mdogo wake wa tumbo moja alipiga pasi humo humo, meza ya mwisho kabisa, karibu na mlango wa nyuma. Na mlango huo ndio uliomkaba Pilipili rohoni.

Ulikuwa umefungwa kwa kufuli kubwa kama ngumi ya mtu mzima. Mbele yake yalisimamishwa marobota ya vitambaa, kila robota limeviringishwa kwenye bomba la chuma, zito la kubebwa na watu wawili. Bwana Nidhamu aliwahi kuuandika mlango huo kwa rangi nyekundu: TAHADHARI KABLA YA HATARI. Marobota yakafunika upande wa kushoto, likabaki kuonekana neno HATARI peke yake. Nalo halikudanganya. Madirishani nondo. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwepo, tena mpya, ila ulitundikwa ofisini kwa Bwana Nidhamu usije ukaibiwa.

Jumatatu ikafika. Kengele ikalia saa nne kamili. Wanawake hamsini na wawili wakazima vyerehani, wakachukua mikoba, wakapanga foleni kwenye mlango wa mbele. Pale mlangoni, kando ya meza ndogo, alisimama mpekuzi, mama mmoja mpole waliyemwita Shangazi. Kazi yake ilikuwa moja miaka yote: hatoki mtu bila kupekuliwa, asije akaondoka na shati tumboni. Fungua mkoba, mikono juu, apapase mbavu na kiuno, geuka, nenda. Hata siku ya zoezi akafanya hivyo hivyo. Fungua, mikono juu, geuka, nenda.

Dakika ishirini na tatu. Bwana Nidhamu akatazama saa yake, uso umemng'aa. "Hakuna aliyesukumana. Hakuna aliyekimbia. Hiyo ndiyo nidhamu."

"Bosi," Pilipili akasema, "moto wenyewe nao utapanga foleni upekuliwe?"

Kicheko kikapita nyuma yake, kikafa.

"Wewe mama, kila siku una jambo."

"Nina moja tu. Ufunguo wa mlango wa nyuma."

"Upo mahali salama."

"Salama kwa nani? Yule afisa wa zimamoto aliyekuja mwaka jana alisemaje? Alisema moshi unaua kabla ya moto. Alisema hili vumbi la pamba chini ya vyerehani likishika linakimbia kuliko mtu. Na mlango wa kutokea usukumwe kwa ndani, ufunguke, basi. Nilikuwepo. Uliniita niwawakilishe wenzangu, ukatupa soda."

"Na wezi?" Bwana Nidhamu akauliza kwa sauti ya kumwelewesha mtoto. "Mwizi hangoji moto upoe. Rudini kazini."

Mdogo wake Pilipili akamfuata kwenye meza ya kukatia, akajifanya anaokota vipande. "Dada, nakuomba. Huyo akikuchoka anatufukuza wote wawili. Mimi nina watoto watatu."

"Ndiyo maana nasema. Una watoto watatu."

"Basi sema kwa upole."

"Upole nimeujaribu mwaka mzima. Nimeandika barua mbili. Moja nimeikuta imefungiwa vitumbua." Akashika mkasi wake. "Nenda kapige pasi."

Alhamisi, watu wametoka kula, macho mazito, swichi ya ukutani karibu na vyerehani vya katikati ikatoa cheche. Ilikuwa inatoa cheche tangu zamani. Washonaji waliizoea, hata waliitania kwamba inakonyeza. Siku hiyo ilikonyezea vumbi. Ukaruka mwali mdogo wa moto, ukapita chini ya cherehani cha kwanza, cha pili, cha tano, haraka kama panya. Ulipofika kwenye rundo la kola za mashati, ukasimama wima.

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililomkasirisha Pilipili baadaye kuliko yote, kwamba hakuna aliyepiga kelele. Wanawake wakazima vyerehani. Wakachukua mikoba. Wakapanga foleni. Bwana Nidhamu alikuwa wa kwanza kutoka, maana msimamizi hapekuliwi, na mlangoni Shangazi akaanza kazi. Fungua. Mikono juu. Geuka. Nenda.

Moshi ulikuwa unashuka kutoka darini kama pazia. Foleni ikasogea hatua moja. Ikasimama. Ikasogea.

Pilipili alikuwa wa saba. Akaona mbele yake mtu anageuka, anaruhusiwa, na yeye akasogea, na kabla hajajua anafanya nini mikono yake ikawa juu. Yenyewe. Mikono iliyokata nguo za maelfu ya watu, iliyoandika barua mbili, ilikuwa imenyanyuka kama ya mateka, na moto uko nyuma yake. Akaitazama. Akapandwa na hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo kwa binadamu yeyote, hasira na mikono yake mwenyewe.

"Shangazi, acha!" akasema. "Waachie watu wapite!"

Shangazi alikuwa analia machozi ya moshi. Vidole vyake vilikuwa vinafungua zipu ya mkoba.

Pilipili akatoka kwenye foleni. Akajifunga kanga puani, akainama, akarudi ndani akiambaa ukuta wa pili, mbali na moto. Mkiani mwa foleni, joto linamlamba mgongo, alisimama mdogo wake na mkoba kifuani.

"Twende nyuma!"

"Kumefungwa."

"Twende!"

"Dada, nitapoteza nafasi yangu."

Pilipili akamzaba kofi. Hakuwahi kumpiga tangu utotoni. Akamshika mkono akamburuta, na wale watatu wa mkiani, walipoona wanaachwa, wakafuata.

Marobota wakayaangusha kwa mabega. Kitambaa kikaviringika sakafuni, wakalichomoa bomba la robota moja. Kufuli lilikuwa chuma tupu, hilo halikuwa na la kufanywa, lakini komeo lilipigiliwa kwenye ubao, na ubao umri wake ulikuwa umekwenda. Wakachomeka bomba nyuma ya komeo, wakaning'inia watano kama wanaotwanga. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili ubao ukalalamika. Mara ya tatu ukapasuka, mlango ukafunguka. Hewa ikaingia, na moto, uliokuwa na njaa ya hewa, ukanyanyuka ukamfikia mdogo wake mkononi.

"Huku!" Pilipili akaita. Alipoita jina la mtu mmoja mmoja, foleni ikakatika. Nusu wakakimbilia nyuma. Nusu nyingine ikamsukuma Shangazi hadi nje pamoja na meza yake.

Walitoka wote. Watu walisema ni muujiza. Pilipili akawaambia muujiza huo aliuvunja kwa bomba.

Nje, zimamoto walipokwisha kumwaga maji, afisa wao akauliza ilikuwaje. Bwana Nidhamu akajisogeza mbele. "Walitoka kwa utaratibu, afande. Jumatatu tu tulifanya zoezi."

Pilipili akafungua mdomo, kikohozi kikamziba.

"Shangazi alikuwa anatupekua mlangoni." Aliyesema alikuwa mdogo wake, ameketi ukingoni mwa barabara, mkono umefungwa kitambaa kibichi. Hakupandisha sauti. "Moto uko nyuma yetu, na tunapekuliwa kama tumeiba. Na mimi nilikuwa nangoja zamu yangu. Andika hivyo. Andika na mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli."

Afisa akamgeukia Shangazi. "Kwa nini hukuacha?"

Shangazi alikuwa bado ameshika mkoba usio wake. "Hakuna aliyeniambia niache," akasema.

Bwana Nidhamu akasema hayo ni mambo ya ofisini. Afisa akaandika, akafunga daftari, akaenda zake. Andiko hilo likalala wapi, aliyeandika anajua.

Wiki tatu baadaye wakaitwa kazini, jengo jingine mtaa wa pili. Mlango wa nyuma nao ulikuwa na kufuli, jipya. Wanawake wakasimama nje na mikoba yao, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuingia wala wa kwanza kurudi nyumbani. Pilipili akaingia peke yake. Akapita vyerehani hadi mlango wa nyuma, akapiga goti, akatoa bisibisi mfukoni, akaanza kufungua bawaba ya chini. Nyuma yake akasikia hatua, akajua kwa mlio wa kandambili kwamba ni mdogo wake. Mkono wenye kovu ukashika ubao ili usianguke.

Bwana Nidhamu akaja akitembea upesi. "Nyie mnafanya nini? Wezi wataingia."

"Waingie," Pilipili akasema. "Na sisi tutatoka."

Akasimama, akahamia bawaba ya juu.