Kuku wa Mengarda

Mengarda hakuwahi kuwaheshimu watu wa Montrodon, na siku mtawa mchunguzi alipopanda mlimani kuwasaka wazushi, walimpa sababu nyingine. Wale wale waliokuwa wakiwapigia magoti Watu Wema, wahubiri wasiogusa nyama wala kuua kiumbe chenye damu, sasa walijazana uwanjani mwa kanisa wakijipendekeza, kila mmoja na jina la jirani yake mdomoni. Bendera hufuata upepo, hawa waliutangulia.

Pons ndiye aliyemtaja Mengarda. Nyumba zao zilishikana ukuta, na nyumba ya mzushi hunyang'anywa ikauzwa bei ya kutupa. Hilo hakulisema. Alisema tu kwamba tangu mavuno hajamwona mjane huyu akila nyama.

Mengarda akamweleza mtawa kuwa hali nyama kwa sababu hana. Ana kuku mmoja tu, na mayai yake ndiyo riziki yake. Mtawa akaamuru kuku aletwe, Mengarda amchinje pale pale, kwa kuwa mzushi hawezi kuchinja. Roho ilimuuma Mengarda, uchungu wa kweli, lakini jela nayo haina mayai. Akachinja.

Pons akaona nyumba inamponyoka.

"Kuchinja si kazi, Padri," akasema. "Kuku abanikwe hapa, amle tukimwona. Hata mimi nitakula paja moja, nimwonyeshe Mkristo anavyokula."

Mengarda alifuta kisu kwenye sketi yake, taratibu.

"Leo Ijumaa, Pons."

Mkristo gani asiyejua kwamba Ijumaa hailiwi nyama? Mtawa akamgeukia Pons, akamuuliza kwa upole ni tangu lini amekuwa akisahau kufunga. Kufikia jioni Pons alikuwa ameshonewa nguoni misalaba miwili ya njano, alama ya aibu ya wazushi, kifuani na mgongoni, aivae mpaka afe.

Jumapili baada ya misa, majirani wakafika kwa Mengarda kumpongeza. Siku ile hakuna aliyefumbua mdomo kumtetea. Leo kila mmoja alikuja na bakuli. Mengarda akakaa kizingitini na chungu chake, akala mbele yao, mpaka mabawa, mpaka shingo, bila kumkaribisha mtu.

"Mmeniona nikila?" akauliza alipomaliza. "Haya, nendeni mkaseme."