Kamba ya Bwana Filimbi

Asukile alikuwa ameingoja nyumba kwa miaka sita. Si nyumba ya kujivunia: chumba na sebule, paa la bati, nyuma ya stoo ya kampuni ya mbao kule msitu wa Mufindi. Lakini aliyeruhusiwa kukaa humo na mke ni nyapara peke yake. Wapasuaji mbao wengine wote walilala kwenye mabweni mawili marefu, na mwanamke hakuruhusiwa kukanyaga huko hata kwa kuleta chumvi. Kwa hiyo Sekela, mke wake wa ndoa ya kanisani, alibaki Tukuyu na mtoto, na Asukile aliwaona majuma matatu kwa mwaka. Mtoto alikuwa akimwita "yule mgeni". Mtu mwenye akili timamu atayaita hayo maisha? Asukile aliyaita hivyo, kwa sababu hakuwa na jina jingine la kuyapa.

Ndipo mwaka 1955, mvua za mwanzo wa mwaka zikiwa zimeshika kasi, nyapara wa zamani alirudi kwao Njombe kwa sababu ya uzee. Bwana akamwambia Asukile kwamba nafasi ile ni yake. Jioni hiyohiyo Asukile akaandika barua kwa mkewe: funga mizigo, njoo na mtoto, nyumba ipo.

Bwana mwenyewe alikuwa Mzungu mrefu aliyening'iniza filimbi shingoni, na watu walimwita Bwana Filimbi. Filimbi ya kuamka, filimbi ya kula, filimbi ya kunyamaza. Alikuwa na ujanja mmoja aliojisifia sana. Kila shimo la kupasulia mbao aliliwekea Mhehe mmoja na Mnyakyusa mmoja, mmoja amesimama juu ya gogo na mwenzake chini shimoni, ili wasipate lugha nzuri ya kumsengenya. Jioni ikifika aliwatenga, Wahehe bweni lao, Wanyakyusa bweni lao. Alidhani kamaliza kazi.

Kumbe msumeno wa watu wawili hautaki ujanja. Aliye juu avute, kisha aachie. Aliye chini avute, kisha aachie. Mmoja akisukuma, bapa linapinda na ubao unatoka umejikunja hauna kazi. Asukile juu, na mwenzake Joachim chini, walipowekwa pamoja mwaka mmoja kabla ya barua ile, walitoa mbao za namna hiyo miezi minne. Joachim, unga wa mbao ukimwingia machoni, alitukana kwa Kihehe. Asukile alijibu kwa Kinyakyusa. Hakuna aliyeelewa tusi la mwenzake, lakini kila mmoja aliamini ametukanwa yeye zaidi.

Kilichowaponya ni pombe, na sioni haya kusema. Joachim alikuwa mwenyeji, kwake ni mwendo wa nusu saa kutoka shimoni, nje kabisa ya mpaka wa kampuni. Jumamosi moja, saa za kazi zilipoisha adhuhuri, mkewe Paskalina aliita mgowe, yaani majirani waje wamlimie shamba la viazi, kisha awape kinywaji. Asukile alisikia "kinywaji", likamtosha. Alilima kwa nguvu zake zote, na kazi ilipokwisha akapewa ulanzi, maji ya mwanzi. Ulanzi uliogemwa asubuhi ni mtamu, hata mtoto anakunywa. Ule ulikuwa umekaa siku tatu, umekuwa mkali, na Mnyakyusa wetu hakuuliza umri wake.

"Hivi vimaji vyenu havina nguvu," alisema, akashusha kopo la tano.

Alipotaka kusimama, miguu haikumtii. Alianguka kwenye matuta ya viazi, akaanza kuimba wimbo wa Sikukuu ya Mavuno, ubeti mmoja tu, akiurudia. Joachim alimbeba mgongoni mpaka bwenini, akamlaza, akamfunika.

Jumatatu, kabla msumeno haujashikwa, Joachim aliinua uso kutoka shimoni. "Kamwene, mnyalukolo," alisalimia kwa Kihehe, akimwita ndugu. "Leo miguu umekuja nayo?"

Asukile alicheka mpaka akakaa juu ya gogo. Siku hiyo walipasua ubao wao wa kwanza ulionyooka.

Tangu hapo kila Jumamosi walikutana kwa Paskalina. Asukile naye alilipiza: alitafuta ulezi, akapika kimpumu, pombe ya kwao, chungu kimoja katikati, mirija mirefu, maji ya moto yakiongezwa. Watu wakikizunguka chungu kimoja magoti hugusana, na mtu ambaye goti lake limegusa lako mchana kutwa huwezi tena kumwita "yule". Mashimo mengine yakafuata. Wakalimiana, wakaezekeana, wakazikiana wazazi. Mvua za mwaka wa pili, zile za 1955, zilipofika, mbao za mashimo yote kumi na mawili zilikuwa zimenyooka, na Crispin, karani aliyezipima, alikiri hajawahi kuona kitu kama hicho. Bwana aliposikia alisema ni kazi ya filimbi yake.

Majuma machache baada ya Asukile kuandika barua, bwana akajua wanakokwenda Jumamosi. Uso wake ukabadilika rangi. Siku hizo mabwana waliogopa kila mkusanyiko wa Waafrika zaidi ya watatu; wakiona watu wanacheka pamoja, waliona chama. Akawapanga mstari.

"Kwa Paskalina basi," alisema. "Hakuna kukusanyika bila kibali. Mnataka sherehe? Kampuni itawapa sherehe. Jumamosi hii, kuvutana kamba. Wahehe huku, Wanyakyusa huku. Kabila litakaloshinda litachinjiwa fahali."

"Na watakaoshindwa, bwana?" aliuliza Joachim.

"Watatazama."

"Watatazama wenzao wakila nyama?"

"Ndiyo. Mwakani watavuta kwa nguvu zaidi."

Watu walitazamana. Katika nchi ile hata mbwa wa mgeni hutupiwa mfupa. Kualika mtu shereheni umkalishe atazame wenzake wanavyotafuna, hilo halikuwa na jina kwa Kihehe wala kwa Kinyakyusa.

Bwana akamvuta Asukile kando. "Wewe utaongoza Wanyakyusa. Nataka nyapara anayejua kushinda. Ukishinda, Jumatatu ufunguo wako. Ukishindwa, nitatafuta mwingine."

Asukile alianza kuhesabu siku. Sekela alikuwa ameshajibu barua. Ameuza kuku, ameaga kanisani, atapanda basi Jumatatu. Mwanamke aliyekwisha kuaga kanisani harudi nyuma kirahisi. Atachekwa mpaka na watoto wa Sunday school.

Ijumaa alasiri, wakisafisha msumeno, Joachim alisema taratibu, "Kaka, kesho vuta. Nimeongea na wenzangu. Sisi tutalegeza kamba. Tutaanguka vizuri, bwana hatajua. Mkeo aje."

"Na nyama?"

"Nyama tutatazama. Mara moja tu haiui."

Asukile hakushukuru. Alikasirika. Mwenzake aliyembeba mgongoni alikuwa tayari kukaa chini na njaa, mbele ya mkewe na majirani, atazamwe kama mshindwa, ili yeye apate bati. Na ubaya ni kwamba Asukile alitamani kukubali. Aliitaka ile nyumba kwelikweli.

Jumamosi uwanja ulijaa. Fahali alikuwa amefungwa kwenye mti, akicheua bila habari. Bwana alikuja na mkewe na viti viwili. Kamba nene ya kukokotea magogo ilinyooshwa, kitambaa chekundu katikati. Wahehe kumi na wawili wakashika upande wa juu, Wanyakyusa kumi na wawili upande wa chini, Asukile mbele yao. Kutoka pale aliona uso wa Joachim hatua chache tu, na Joachim akamkonyeza, kama kusema, haya, tuanze kuanguka.

Ukonyezo ule ndio uliommaliza. Asukile aliachia kamba.

"Shika kamba!" bwana alipiga kelele.

Asukile hakushika. Alitembea kando ya kamba, akavuka kitambaa chekundu, akafika upande wa Wahehe, akasimama mbele ya Joachim na kuishika kamba pale. "Sogea nyuma kidogo," alimwambia. "Hata shimoni wewe siku zote ni wa chini."

Kisha Mika, Mnyakyusa wa shimo la pili, akatema mate, akaachia, akavuka. Akafuata mwingine. Wakavuka wote, kila mtu akitafuta mwenzake wa shimo lake, hadi upande wa chini kamba ikalala kwenye nyasi haina mtu. Bwana, kwa hasira au kwa mazoea, akapuliza filimbi. Na watu ishirini na wanne, kwa utii mkubwa, wakavuta. Walianguka wote chali, rundo moja, miguu juu, na kicheko kilichotoka pale kilimfanya mke wa bwana naye ajifunike mdomo na leso.

Asukile aliinuka, akajipangusa. "Bwana, tumeshinda," alisema. "Sote. Tuchinje?"

Fahali hakuchinjwa. Alifunguliwa akarudishwa zizini, na bwana akaondoka na viti vyake. Watu walikwenda kwa Paskalina, kwa kibali au bila kibali, wakala viazi na maharage. Asukile alikula bila kusikia ladha. Sasa Sekela angefikia wapi?

Jumatatu bwana alimwita ofisini, Crispin akiwa amesimama kando na daftari. "Unyapara basi. Nyumba basi," bwana alisema. "Na Joachim simtaki shimoni, atakwenda kukata nyasi. Wewe nitakupa mwenzako mwingine."

Mwenzake mwingine aliletwa, Kalinga, Mhehe kijana mwenye mikono kama magogo. Kalinga alishuka shimoni, akashika mpini, akatulia.

"Vuta!" bwana aliamuru.

"Huyu simjui, bwana," Kalinga alisema kwa adabu zote. "Sijala naye."

Akaletwa wa pili. Naye akasema hajala naye. Akaletwa wa tatu, aliyekula naye mara ishirini na saba, naye akaapa kwa Mungu kwamba hakumbuki. Shimo la jirani likanyamaza, la pembeni yake likanyamaza, mpaka msituni kote wakasikika ndege tu. Crispin alikohoa, akasema kwamba mbao za mkataba zilitakiwa zipakiwe kwenye lori Alhamisi. Adhuhuri ilipofika, Joachim alirudi shimoni kwake, nyasi zikiwa bado kwenye shati. Bwana akageuka, akarudi ofisini. Lakini ufunguo wa ile nyumba ulibaki mfukoni mwake, na wala hakumpa mwingine.

Jumanne basi lilimshusha Sekela barabara kuu, na mtoto, na mkungu wa ndizi, na sanduku la bati. Asukile alikwenda kumpokea akiwa amepanga maneno yote njiani, na alipomwona akayasahau yote.

"Nyumba hakuna," alisema. "Niliikataa. Nisamehe, mke wangu. Kesho basi la kurudi Mbeya linapita saa nne."

Sekela alimtazama tangu viatuni mpaka kichwani. "Uliikataa kwa sababu gani?"

Alimweleza, wamesimama pale kando ya barabara, mtoto akiwa amelala begani. Alimweleza kamba, fahali, na ukonyezo wa Joachim. Sekela alisikiliza mpaka mwisho, kisha akajitwisha mkungu wa ndizi.

"Basi la saa nne lipite zake," alisema. "Nipeleke kwa huyo Joachim. Nina ndizi za kuwapelekea."

Walilala kwa Joachim siku nne. Baba yake Joachim alikata kipande cha ardhi chini ya mlima, hatua hamsini tu nje ya mpaka wa kampuni, na Jumamosi Paskalina akaita mgowe. Walikuja wa mashimo yote kumi na mawili. Wahehe walikata mianzi, Wanyakyusa wakasuka kuta kama wanavyosuka kwao, wakabishana mchana kutwa ipi ndiyo nyumba ya kweli, ya mviringo au ya pembe nne, hadi ikatoka kitu ambacho si hiki wala si kile. Jioni haijafika ilikuwa imeezekwa, na watu wameingia ndani wamebanana.

Bwana Filimbi alikuja kwa miguu. Bila shaka alisikia vigelegele. Alisimama nje, akaitazama nyumba ile tangu msingi mpaka majani ya juu, uso mwekundu.

"Nani kawapa ruhusa kukusanyika hapa?" aliuliza.

Asukile aliinuka, lakini Sekela alimtangulia. Alitoka mlangoni, akapiga goti kama heshima ya kwao inavyotaka, akatumia Kiswahili chake kidogo, kila neno amelishika sawasawa.

"Ni mimi, bwana. Hapa ni kwangu," alisema. "Karibu ndani, chakula kipo, kwetu mgeni hatazami. Ila mlango ni mfupi. Utainama."

Akasogea kando kumpisha. Bwana aliutazama mlango. Wote waliokuwa ndani wakamtazama yeye, Wahehe na Wanyakyusa, magoti kwa magoti, na hakuna aliyeinuka. Sekela alimngoja muda wa kutosha, muda ambao mtu yeyote mwenye njaa au mwenye adabu angekuwa ameshaingia. Kisha akageuka, akaingia ndani, akaketi karibu na mumewe.