Msichana wa Mita Mia Nane

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa kanisa la Kilturragh wiki mbili kabla: chemsha bongo, Jumapili baada ya misa ya saa tano, ukumbi wa parokia, kuchangia kiwanja kipya cha riadha. Chini kabisa mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu kwamba kutakuwa na maswali ya michezo ya parokia yetu. Rita Mulrennan aliusoma mstari huo mara tatu, mvua ikimnyeshea, kisha akaenda nyumbani akakosa usingizi.

Maana Rita alikuwa na lake moyoni. Miaka hamsini na tatu nyuma, kabla hajaitwa Rita, alikuwa Attracta Devaney wa Cloonmullan, maili tatu tu kutoka hapo, ndani ya parokia hiyohiyo, na aliiwakilisha Ayalandi katika fainali ya Ulaya ya mita mia nane. Akamaliza wa sita. Wa sita Ulaya nzima, jamani! Lakini wa sita hapewi medali. Picha yake gazetini ilitoka ndogo kama stempu, na wiki hiyohiyo timu ya kandanda ya kaunti yao, Roscommon, ilikuwa imeshinda mechi kubwa, sasa nani angehangaika kumtazama msichana wa kaptura? Mwaka uliofuata akaenda Uingereza kuwa muuguzi. Wodini hakuna aliyeweza kulitamka jina hilo, wakamwita Rita, naye akachoka kuwasahihisha. Hukohuko akaolewa na Tom Mulrennan, ambaye kwao ni Kilturragh, na uzeeni wakarudi. Tom akafariki baada ya miezi minane.

Ukihamia Kilturragh utaulizwa jambo moja tu: wewe ni wa nani? Wakishajua, basi, yamekwisha. Rita ni wa Tom, wale akina Mulrennan wa duka la mbegu. Kwa miaka minne hakuna aliyemuuliza yeye mwenyewe alizaliwa wapi, naye hakusema. Kule mtu hajisemei. Thubutu kutaja ushindi wako mwenyewe uone, utasengenywa mpaka wajukuu zako waone haya. Sharti mwingine akutaje. Basi Rita akakaa anamngoja huyo mwingine, na upweke ukamla kwelikweli. Kulikuwa na wiki nzima aliyozungumza na muuza nyama tu, na muuza nyama mwenyewe si msemaji.

Hilo ndilo alilolifuata ukumbini: kulisikia jina lake kinywani mwa mtu mwingine, mara moja tu, kabla hajafa. Alivaa koti lake la buluu, akapaka na rangi ya mdomo kidogo.

Aliwekwa meza ya sita pamoja na majirani zake, Bernie Scanlon na mumewe Padraic.

"Rita, shika kalamu wewe," Bernie akasema. "Mwandiko wa huyu bwana ni kuku aliyekanyaga wino."

"Kuku huyohuyo ndiye aliyekuandikia barua za mapenzi," Padraic akajibu, mdomo umejaa mkate.

"Sasa si ndiyo maana? Sikuzielewa, nikaolewa kwa bahati mbaya."

Aliyeuliza maswali alikuwa Declan Fallon, mwalimu mstaafu, mtu anayekipenda kipaza sauti kuliko chakula. Wakapita maswali ya mito, wakapita ya nyimbo, ikaja chai, na hatimaye michezo. Maswali sita ya kwanza yote yalikuwa ya kandanda. Rita aliandika majibu ya Padraic.

"Swali la saba," Declan akasema. "Ni nani wa parokia hii aliyefika fainali ya Ulaya ya mita mia nane, akawa wa sita?"

"Jackie Noone," Bernie akanong'ona papo hapo.

"Jackie Noone alikuwa mcheza kandanda, wewe mwanamke."

"Kwani mcheza kandanda hana miguu? Sanamu yake si ile pale njia panda? Sasa watamwekea sanamu mtu asiye na mbio?"

Rita aliinama, akaandika jina kamili, herufi baada ya herufi. Hakuwa ameliandika kwa zaidi ya miaka arobaini.

Bernie akavaa miwani. "Attracta Devaney? Ndiye nani tena huyo?"

"Msichana mmoja wa Cloonmullan."

"Msichana! Rita mpenzi, unatupotezea pointi hivihivi."

"Liache hivyo hivyo, Bernie," Rita akasema, na sauti ilitoka kali hata Bernie akanyamaza, jambo ambalo Padraic alisema baadaye halijapata kutokea.

Karatasi zikabadilishwa, kila meza ikaisahihisha ya jirani, kama ilivyo desturi, ili watu wasiibiane. Declan akarudi kwenye kipaza sauti.

"Hili la saba, mabibi na mabwana, ni aibu. Meza kumi na nne zimeandika Jackie Noone. Meza moja imeandika Baba Mtakatifu." Watu wakacheka. "Jibu sahihi ni Attracta Devaney."

Hilo hapo. Rita aliweka kalamu chini. Alitaka kulia, alitaka kucheka, alitaka Tom angekuwapo. Miaka yote ile, na kumbe kuna mtu alijua!

"Mungu amrehemu," Declan akaongeza.

"Mungu amrehemu," ukumbi mzima ukaitikia, wengine wakafanya ishara ya msalaba, kikombe mkono wa pili.

Declan akaeleza alivyompata. "Mnazijua zile orodha za marehemu wenu mnazoandika, tunazoweka altareni kila Novemba. Mwezi huu nilikuwa napanga zile za zamani, nikaona jina moja linajirudia. Kaka yake, Colm Devaney, alimwandika kila mwaka kwa miaka ishirini na sita, mpaka naye alipotutoka. Nikajiuliza, huyu dada ni nani? Ndipo nikapekua magazeti."

Rita alishika ukingo wa meza. Yeye na Colm walikosana siku ya maziko ya mama yao, kwa maneno ya kijinga kabisa. Tangu hapo, mpaka Colm alipokufa kabla Rita hajarudi kwao, Rita alimwandikia kila Krismasi na Colm hakujibu hata moja. Lakini barua zilifika, maana Rita aliandika anwani yake mwenyewe nyuma ya kila bahasha, na hakuna hata moja iliyorudishwa. Colm alijua fika kwamba dada yake yu hai. Na kila Novemba aliketi, akachukua kalamu, akamwandika pamoja na wafu. Rita hakuwa amewahi kuumizwa namna ile na mtu yeyote.

"Meza ya sita peke yao ndio waliopata!" Declan alikuwa akisema. "Nani alijua?"

"Rita!" Bernie akaruka, akimwonyesha kwa mikono yote miwili. "Rita Mulrennan huyu hapa! Mimi nilimbishia!"

"Kumbe! Bi Rita, ulimfahamu? Simama basi, utuambie alikuwa mtu wa namna gani."

Kipaza sauti kikaletwa. Rita akasimama kwa fimbo yake, nyonga ikimuuma. Sura zote zilimgeukia.

"Ni mimi," akasema.

Birika kubwa la chai likaendelea kuchemka. Kisha mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Na mimi ndiye Baba Mtakatifu!"

Lo! Walicheka watu siku ile. Walipiga meza, walifuta machozi, na wala haikuwa kwa ubaya, walicheka kwa mapenzi kabisa. Bernie alijishika mbavu. "Rita wee, utaniua! Kumbe una vituko hivi na umetuficha miaka yote?"

"Na hiyo fimbo, Bi Rita," Declan akauliza, akihema, "ulikimbia nayo?"

Rita alifungua mdomo. Angeweza kuwaambia nyumba yao kule Cloonmullan ilikuwa ipi, angeweza kumtaja Colm na kovu lake la shavuni. Lakini akawatazama. Tangu arudi, watu wale hawajapata kumfurahia namna ile. Na akianza kusisitiza, mbele ya kadamnasi, kwamba ni yeye, ni yeye, atakuwa kikongwe anayejisifu, au kikongwe aliyerukwa na akili. Akacheka.

"Nayo, ndiyo," akasema. "Mkono wa kushoto."

Ukumbi ukaangua kicheko upya.

"Haya, utani kando," Declan akasema walipotulia. "Huyu alikuwa mtoto wetu, na hatukumtendea haki. Tumsimamie dakika moja."

Viti vikakwaruza sakafu, wanaume wakavua kofia. Bernie akamshika Rita mkono, akamnong'oneza, "Alhamisi unakuja kwangu kunywa chai, sitaki sababu." Rita alikuwa ameungoja mwaliko huo miaka minne. Akaitikia kwa kichwa.

Kisha akakiinamisha kama wengine, akafumba macho, akamwombea Attracta Devaney wa Cloonmullan pumziko la milele, kwa kuwa mle ndani hapakuwa na mwingine aliyemfahamu.