Pini Ilikuwa Bado Ndani

Jumanne moja ya mwaka 1984, saa nne asubuhi, Ndeti alikuwa akichomelea plau ya ng'ombe katika karakana yake huko Mbooni. Kivuva aliingia, akaketi juu ya debe. Alikuwa amezikwa Alhamisi iliyopita. Alivaa shati la maziko, na mkononi alishika kipande cha chuma kinachounganisha trela na trekta.

"Fundi, hii ilivunjika kwa nini?"

Ndeti alizima moto, akavua miwani. Habari aliijua. Trekta ya ghala la chakula cha msaada ilikuwa ikipandisha mahindi ya njano mlimani, trela likachomoka na kurudi nyuma. Kivuva, aliyeketi juu ya magunia kuyalinda, alikufa, na pia Nthenya, mama aliyekuwa akitembea nyuma na dumu la maji. Msimamizi wa ghala aliandika kwamba Kivuva hakutia pini ya kufungia trela kwenye trekta. Tangu hapo watu wa Nthenya hawakumsalimu Kalondu, mjane wa Kivuva, na kanisani alikaa benchi peke yake.

Ndeti aligeuza chuma kwenye mwanga.

"Ona hapa panang'aa. Hapa pamevunjika siku hiyo. Lakini huku kote ni kutu. Ufa ulianza zamani, kando ya mahali palipochomelewa. Kila shimo la barabara lilikuwa linauongeza kidogo. Halafu wakapaka rangi juu."

"Na pini?"

"Si ndiyo hii hapa, bado iko ndani. Uliifunga vizuri."

Kivuva aliigusa pini kwa kidole.

"Magunia yalikuwa sitini," alisema. "Hiyo trela ni ya arobaini. Na mnyororo wa kuishikilia kama chuma ikikatika, walifungia geti."

Ndeti aliandika hayo yote kwenye karatasi, wakaenda ghalani kwa miguu. Njiani watu waliwasalimu wote wawili. Karani alifungua mnyororo wa geti, akawapa viti. Msimamizi alisoma karatasi hiyo mpaka mwisho.

"Ripoti imeshaenda wilayani," alisema. "Kuibadilisha inataka shahidi, na marehemu hawezi kutia sahihi."

"Mimi najua kuandika," Kivuva alisema.

Karani alimpa kalamu. Kivuva aliandika jina lake polepole, lakini mahali pa sahihi palibaki peupe. Karani alileta kalamu nyingine, ikawa vilevile, akamwomba radhi.

Msimamizi alimwomba Ndeti achomelee chuma kilekile. Ndeti alikataa, akarudi kwenye plau yake. Fundi mwingine alikichomelea kabla ya saa sita, akakipaka rangi ya kijani.

Trela lilirudi barabarani Ijumaa, na magunia sitini na tano. Kivuva alitembea nyuma yake, bega limeegemea mbao za trela, miguu ikizama vumbini. Dereva alizoea. Kwenye mwinuko mkali alipunguza mwendo mpaka ahisi trela limepata mtu wa kulisukuma.

Kalondu alimngoja kwenye kona na uji kwenye kikombe cha bati. Kivuva hakuweza kuondoa bega, kwa hiyo Kalondu alimnywesha huku wakitembea.

"Jumapili utakuja kanisa?" aliuliza.

"Jumapili pia tunabeba."

Alimpangusa mdomo kwa kanga. Kwenye uwanja wa kanisa watu wa Nthenya walikuwa wamepanga foleni ya mahindi. Walimtazama Kivuva akipita, wakamsogelea dereva kupokea magunia. Kalondu hakuna aliyemsalimu.